Tarakimu ya Wimbi la Nne

Mimi ni fundi wa mashine za kufulia, Oulu.
Najua mngurumo wa pipa lenye beringi mbovu,
najua sarafu inayogonga kioo kabla sijavua viatu.
Kinanda hiki nilikipokea kama malipo:
ukumbi wa dansi kule ziwani ulifilisika,
Sulevi, mwenyewe, akanionyesha viganja vitupu,
kisha akanionyesha stoo.

Debe tupu, wasema, haliachi kuvuma.
Hili liliacha.
Betri yake, pana kama kifungo cha koti,
ilikuwa imekufa, na sauti thelathini na mbili
zilizikwa nayo bila matanga.

Ila ndani ya sanduku, penye sponji inayomomonyoka,
karatasi ya miraba, mikunjo minne, wino wa buluu:
Urmas, Tartu, Februari 1988.
Ukiipenda, mpe mwingine. Ukiiboresha, nirudishie.
Kisha tarakimu, mia moja arobaini na tano,
na juu yake jina: KELL JAAS,
kengele ndani ya barafu,
nukta mbili za kila A zimeachwa nje
kwa kuwa mashine haina pa kuziweka.

Nikaketi nayo jikoni usiku tatu.
Nje, digrii thelathini chini ya sifuri,
theluji yenyewe hulia ukiikanyaga.
Mawimbi sita, mawili mawili.
Jambo hili lilinichukua muda kulielewa:
katika kila jozi, moja tu ndilo huimba.
La pili halifiki kwenye spika.
Kazi yake ni kulishika lile jingine mabega
na kulitikisa
hadi wimbi laini kama maziwa
liote meno, liote kutu, liwe shaba.
Mnyamazishe bubu huyo,
kengele hubaki mluzi wa mtoto.

Nikafika kwenye wimbi la nne, bubu.
Na hapo, Sulevi, uliwahi kuweka kikombe.
Duara la kahawa. Saba, halafu
moja? Au saba tena?

Sabini na moja: kengele safi, imesimama wima.
Sabini na saba: kengele hiyohiyo, ina ufa,
na ndani ya ufa kitu kama pumzi,
kama barafu ya mto wetu mwezi wa nne
inapobishana na maji.
Moja, saba, moja, saba,
mpaka jirani wa juu akagonga sakafu kwa ufagio,
tena aligonga vizuri, kwenye mapigo.

Nikaandika barua.
Anwani ya miaka thelathini na kitu;
tangu hapo hata nchi imebadilika jina.
Nikanakili tarakimu zote,
nikaiacha ile sabini na saba, nikauliza.

Jibu lilikuja mwezi wa tano, mwandiko mgeni.
Mimi ni Maarika, bintiye.
Baba hasikii tena sauti nyembamba,
kengele za baiskeli humpita, ndege humpita.
Nilimsomea tarakimu zako mezani,
amefumba macho kama mtu anayeonja supu.
Kwenye wimbi la nne akayafumbua.
Akasema, niliandika sabini na moja.
Akasema, rudia.
Nikarudia.
Akacheka mpaka akakohoa.
Akasema, kaipasua huyo. Aiache hivyohivyo.

Na chini kabisa, wino wa buluu, mkono unaotetemeka:
Wimbi la sita. Si hamsini. Hamsini na tatu. Jaribu.

Nikajaribu.
Sitasema ilikuwaje; wewe una masikio.
Jina lilibakiwa na nafasi moja,
nikaandika 2.

Kesho naenda kwa Eskil, mashine yake haikamui,
naye ana kinanda kama hiki, kimenyamaza.
Nimemnakilia yote kwenye karatasi ya miraba.
Kikombe nilikiweka mbali, pembeni mwa meza.
Halafu nikakisogeza
karibu kidogo.